Hesabu ya Musoma: sikoseli katika damu na mifupa ya Dar es Salaam

Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona kipande cha mfupa na meno makubwa yamechomoza kwenye udongo wa Olduvai. Fuvu lililokusanywa hapo, la kiumbe aliyepewa jina la Zinj na aliyeishi takriban miaka milioni 1.75 iliyopita, lilirudishwa Tanzania mwaka 1965 likakabidhiwa Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Tangu hapo wanafunzi wa Mbagala, Tandika, Manzese na Kawe wameletwa kwa mabasi kufundishwa habari zake, kisha wakarudi makwao na daftari zenye maneno mawili: chimbuko la binadamu.

Sina ugomvi na Zinj. Ila ziara hizo huwaachia watoto picha kwamba mageuzi ya binadamu ni habari ya kale, ya mifupa iliyogeuka mawe, iliyokwisha kabla babu yeyote hajazaliwa. Miaka michache tu kabla ya fuvu lile kupatikana, katika Tanganyika hiyohiyo, upande wa pili wa Serengeti, daktari kijana aliyaona mageuzi yakitendeka kwa watu walio hai. Hakuchimba kitu. Alichohitaji ni tone la damu kutoka kwa kila mtu, kioo, kemikali kidogo na hadubini.

Daktari huyo ni Anthony Allison. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 akakulia Kenya, kwenye shamba la wazazi wake karibu na Gilgil. Mwaka 1949, akiwa bado mwanafunzi wa Oxford, alijiunga na msafara wa chuo chake uliokuja Mlima Kenya, kazi yake ikiwa kukusanya damu za makabila mbalimbali na kupima makundi yake. Aliamua kupima pia jambo jingine: nani ana chembe nyekundu ambazo, zikikosa oksijeni, hupinda na kuwa na umbo la mundu.

Ugonjwa wenyewe, sikoseli, ulikuwa umeshaandikwa vitabuni. Mwaka 1910, James Herrick wa Chicago alieleza habari za kijana aliyetoka kisiwa cha Grenada kusomea udaktari wa meno, ambaye damu yake ilikuwa na chembe nyembamba zilizopinda. Mwaka huohuo wa 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kasoro iko kwenye hemoglobini, ile protini ibebayo oksijeni, na James Neel wa Marekani na E. A. Beet aliyekuwa Rhodesia wakaonyesha, kila mmoja kivyake, namna inavyorithiwa: aliyepata jeni moja kutoka kwa mzazi mmoja huishi kama watu wengine, aliyepata mbili huugua. Baadaye, Vernon Ingram akagundua kwamba tofauti yote ni amino asidi moja iliyobadilishwa na nyingine, nafasi ya sita ya mnyororo.

Walichoshindwa kukieleza ni wingi wake. Katika Uganda, watafiti Lehmann na Raper walikuwa wamekuta karibu nusu ya Wabaamba wa chini ya Ruwenzori wana jeni hiyo, na Wahima wachache mno. Kama watoto wenye jeni mbili hufa kabla ya kuzaa, jeni hii ingepaswa kupungua kizazi baada ya kizazi. Mbona haipungui?

Ramani ya Allison ilimpa dokezo. Pwani ya Kenya na kandokando ya Ziwa Viktoria alikuta watu 20 hadi 30 katika kila 100 wana jeni moja. Nyanda za juu, hata mmoja kati ya 100 hakumpata. Mtu aliyekulia Kenya hakuhitaji kuambiwa mara mbili pwani na ziwa vina kitu gani ambacho milima haina. Ni mbu.

Alirudi Oxford kumaliza udaktari, akaja tena Afrika Mashariki mwaka 1953 kuthibitisha kwamba jeni moja humkinga mtu na malaria ya mbu hao. Jaribio lake la kwanza ni la aina ambayo leo kamati ya maadili isingeliruhusu hata kusomwa. Wajaluo 30 waliokuwa Nairobi, ambao kwa muda mrefu hawakuwa wameishi penye malaria, walikubali kuambukizwa vimelea kwa makusudi. 15 walikuwa na jeni ya sikoseli, 15 hawakuwa nayo. Kati ya wasio nayo, 14 walipata malaria. Kati ya walio nayo, wawili tu. Waliopata walitibiwa, na mwaka 1954 matokeo yakachapishwa London. Hawa 30 ni miongoni mwa watu waliochangia zaidi elimu ya mageuzi katika karne ile, lakini sijaona kitabu cha shule kinachowataja. Pamoja na hao alipima watoto 290 wa Uganda waliougua kwa njia ya kawaida: kati ya 43 wenye jeni, vimelea vilionekana kwa 12, kati ya 247 wasio nayo, kwa 113.

Halafu ikaja Musoma, upande ule wa pili wa Serengeti. Takwimu alizochapisha mwaka 1956 hazina mbwembwe, lakini kwangu mimi ndizo zenye uzito kuliko zote. Watoto wachanga 287: 189 hawakuwa na jeni ya sikoseli, 89 walikuwa nayo moja, tisa walikuwa nazo mbili. Watu wazima 654: 400 hawakuwa nayo, 249 walikuwa nayo moja, watano tu walikuwa nazo mbili. Tafuta uwiano wake uone. Wenye jeni mbili ni asilimia tatu ya watoto, lakini hawafiki hata asilimia moja ya watu wazima. Sikoseli iliwaondoa njiani. Wenye jeni moja wamepanda kutoka asilimia 31 hadi 38, kwa sababu malaria iliwapunguza wale wasio na jeni kabisa. Vifo viwili vinavutana, kila kimoja upande wake, na jeni inabaki palepale katikati. Darwin alilazimika kukisia uteuzi asilia kwa kutazama ndege na njiwa wa kufugwa. Huko Musoma uteuzi huo ulionekana ndani ya maisha ya binadamu mmoja, kati ya kunyonya na kuoa.

Jeni yenyewe si ya juzi, ingawa mbele ya Zinj ni mtoto. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini imezuka mara nne au tano mahali tofauti. Mwaka 2018 Daniel Shriner na Charles Rotimi, kwa kusoma vinasaba vya watu wengi, walifikia hitimisho kwamba ilizuka mara moja tu, kwa mtu mmoja, yapata miaka 7,300 iliyopita, huko Afrika ya magharibi-kati, au Sahara ilipokuwa bado ya kijani. Frank Livingstone alikuwa ameshaeleza mwaka 1958 kwa nini ilishika: wakulima walipofyeka msitu walijitengenezea madimbwi yenye jua, na mbu akapata makao. Wahenga wetu wa Kibantu waliposogea mashariki na jembe na viazi vikuu vyao, walikuja nayo hadi Ziwani, kisha hadi Bahari ya Hindi.

Ndipo tunapofika Dar es Salaam, mji uliojengwa penye mabonde ya maji na mikoko. Robert Koch, bingwa wa vijidudu wa Ujerumani, alikaa hapa mwaka 1897 na 1898 akichunguza malaria, na Wajerumani wakaufanya mji huu kuwa mahali pa majaribio ya kwinini. Miaka ya 1950 serikali ya Waingereza ilipima viwanja vya Waafrika Magomeni na Temeke. Watu wakaja kutoka Rufiji, Kigoma, Tabora, Mara na Mtwara, kila mmoja na mzigo wake na damu yake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728. Jeni ambazo zamani zilikaa mikoa mbalimbali zimekutana kwenye nyumba za kupanga za Tandika na Mwananyamala, na vijana wa damu hizo wanaoana.

Hospitali iliyowapokea ni ileile, ila imebadilika majina. Ilianza ile iliyojengwa miaka ya 1890 kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji, ikafuata Princess Margaret iliyofunguliwa mwaka 1956, ambayo baada ya Uhuru ikawa Muhimbili. Kwa miongo mingi mtoto wa sikoseli aliingia wodini kwa jina la ugonjwa mwingine: homa, upungufu wa damu, baridi yabisi. Nyumbani aliitwa mtoto wa kuugua ugua, na lawama mara nyingi zilimwangukia mama yake, au jirani.

Tuseme mifupa inavyoumia, kwa sababu sikoseli, ingawa ni ugonjwa wa damu, maumivu yake mengi yako kwenye mfupa. Mtoto akizaliwa bado ana hemoglobini ya tumboni, ambayo haipindi. Hiyo humlinda miezi ya mwanzo. Inapokwisha, karibu na miezi sita, vidole vya mikono na miguu huvimba vikawa kama vya mtu mnene, na mtoto hulia akishikwa. Chembe zilizopinda zimeziba vijishipa vinavyolisha mfupa, na sehemu ya mfupa inakufa kwa njaa ya oksijeni. Baadaye mfupa uliokufa hualika vijidudu. Kwa wagonjwa hawa salmonela, mdudu wa homa ya matumbo na ndugu zake, hupenda kujificha humo, usaha ukatoka kwenye paja au muundi kwa miezi. Akivuka hapo akawa kijana, zamu ni ya nyonga. Kile kichwa cha mviringo cha mfupa wa paja hulishwa na mishipa michache, myembamba. Ikiziba, kichwa hufa, hupoteza umviringo wake, hubonyea. Kijana wa miaka 22 anaanza kutembea akiyumba, kisha anaomba fimbo.

Wagonjwa hao huishia MOI, Taasisi ya Mifupa iliyo ndani ya uwanja wa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996. Huwezi kuitaja bila kumtaja Profesa Philemon Sarungi, daktari wa mifupa aliyesomea Hungaria, aliyefundisha Muhimbili, akawa Waziri wa Afya na mbunge wa Rorya, na aliyefariki dunia Machi 2025. Alitoka Mara, mkoa uleule wa Musoma. MOI inajulikana mjini kwa ajali za bodaboda, na ni kweli miguu iliyovunjika ndiyo iliyojaza wodi zake na utafiti wake mwingi. Lakini nyonga ya sikoseli ni mtihani wa aina yake. Mgonjwa hapaswi kupata baridi mezani, wala kukosa maji, wala oksijeni yake kushuka hata kidogo chini ya nusu kaputi. Damu ya kumwongezea lazima ilingane vizuri kwa sababu ameshaongezewa mara nyingi. Uloto uliokufa na kuziba ndani ya paja humpa mpasuaji shida ya kupitisha shina la nyonga bandia. Isitoshe, chuma hicho kitachakaa: ukimwekea mzee wa miaka 70, huenda kikamtosha, ukimwekea kijana wa miaka 25, jiandae kumpasua tena.

Hapa Olduvai inajitokeza kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2012 watafiti, akiwemo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitangaza kipande cha fuvu la mtoto wa takriban miaka miwili, cha miaka milioni 1.5 iliyopita, chenye vitundu vitundu. Ni alama ya uloto uliotanuka ukitafuta nafasi ya kutengeneza damu zaidi. Mtoto yule alikuwa na upungufu wa damu. Wao waliona chanzo ni lishe, kukosa nyama wakati wa kuachishwa ziwa, wala sikoseli haikuwepo bado duniani. Ila daktari yeyote wa watoto wa Muhimbili akiitazama picha ya eksirei ya fuvu la mgonjwa wake wa sikoseli asiyetibiwa, atauona mfupa ukifanya jambo lilelile.

Mabadiliko makubwa yalianza mwaka 2004. Dk. Julie Makani, aliyesomea udaktari hapahapa Muhimbili akaenda Uingereza na kurudi, alianzisha na wenzake daftari la wagonjwa wa sikoseli, kwa ufadhili wa Wellcome Trust. Kila anayefika kliniki anaandikwa, anapimwa, anafuatiliwa. Daftari hilo lilikuja kuwa na maelfu ya majina, moja ya makubwa kabisa duniani kutoka hospitali moja. Mwaka 2011 walichapisha hesabu ya vifo miongoni mwa wagonjwa 1,725: kwa kila wagonjwa 100 wanaofuatiliwa mwaka mmoja, vifo 1.9. Kwa walio chini ya miaka mitano, 7.3. Baada ya nusu karne, swali la Musoma, wale watoto tisa walikwenda wapi, lilikuwa limepata takwimu zake. Jambo jingine walilolionyesha linawashangaza wengi: mwenye jeni mbili hakutwi na vimelea vya malaria mara kwa mara kuliko wengine, ila akilazwa navyo, hatari ya kufa ni kubwa. Kinga ni ya mwenye jeni moja. Mwenye mbili amelipa gharama yake.

Kama wanaokufa ni wadogo, basi mtu asisubiri waje kliniki. Kuanzia Januari 2015 hadi Novemba 2016, Siana Nkya na wenzake walipima watoto wachanga Muhimbili na Hospitali ya Temeke. Muuguzi anachoma kisigino, anadondosha damu kwenye karatasi ngumu, anaiacha ikauke, anaandika namba ya simu ya mama. Karatasi inakwenda maabara ya Muhimbili ambako hemoglobini hutenganishwa kwa umeme. Watoto 3,981 walipimwa: 31 walikuwa na sikoseli, 505 walikuwa na jeni moja. Mmoja kati ya wanane hivi! Katika wodi ambayo vitanda vinagusana, maana yake ni kwamba karibu kila safu ina mama anayekwenda nyumbani na jeni hiyo bila kujua. Kazi ngumu zaidi ilikuwa kuwapata tena kina mama, maana namba hubadilika na wengine huhamia Chanika au Kigamboni kabla majibu hayajatoka. Aliyepatikana, mtoto wake huanzishiwa penisilini, dawa ya bei ndogo iliyoonyeshwa tangu mwaka 1986 kwamba huzuia vifo vya utotoni.

Kuhusu tiba kubwa, nitaeleza kwa sababu damu ya Dar es Salaam imo ndani yake. Mwaka 1948 Janet Watson wa Brooklyn aliona kwamba watoto wachanga wa sikoseli hawaugui, akahisi hemoglobini ya tumboni ndiyo inayowakinga. Mwaka 2008 ikajulikana kwamba jeni iitwayo BCL11A ndiyo inayoizima hemoglobini hiyo baada ya kuzaliwa. Mwaka 2011 kundi la Makani lilipima wagonjwa wa Muhimbili pamoja na wa Uingereza, likakuta tofauti kwenye BCL11A zinasaidia kueleza kwa nini Watanzania wengine wanabaki na hemoglobini ya tumboni nyingi na kuugua kidogo. Basi swali likawa: je, mtu anaweza kuivuruga swichi hiyo kwa makusudi?

Anaweza. Mwaka 2019, huko Nashville, Victoria Gray alitolewa seli shina za damu, zikakatwa kwa CRISPR, mkasi wa kuhariri jeni, mahali pa kuiwashia BCL11A, akapewa dawa kali ya kuua uloto wa zamani, kisha akarudishiwa seli zake. Waingereza waliidhinisha tiba hiyo, Casgevy, Novemba 2023, Wamarekani wakafuata Desemba. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha, 29 walimaliza mwaka mzima bila maumivu makali. Mkasi huohuo unatumika kuhariri seli za kinga ili ziwinde saratani ya damu, na watafiti wanaujaribu dhidi ya Virusi vya Ukimwi. Ndiyo maana mwaka 2019 serikali ya Marekani na mfuko wa Gates waliahidi dola milioni 200 kutafuta tiba za jeni za sikoseli na VVU zitakazofaa nchi kama yetu, bila wodi maalumu na bila kuchoma uloto.

Bado hatujafika. Casgevy ilitangazwa kwa dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi bilioni 5 kwa mgonjwa mmoja, na wanaozaliwa na sikoseli Tanzania wanakadiriwa kufika 11,000 kila mwaka. Mimi naona aibu kidogo kwa niaba ya dunia: wagonjwa waliotoa damu iliyosaidia kuuelewa ugonjwa ndio wa mwisho kwenye foleni. Njia iliyo karibu zaidi ni ya zamani, uloto wa ndugu. Muhimbili ilianza kupandikiza uloto kwa wagonjwa wa saratani mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kwa watoto wa sikoseli mwaka 2023. Inahitaji ndugu anayelingana, na wengi hawana. Wengine wote hutegemea haidroksiyurea, vidonge vinavyoongeza hemoglobini ya tumboni, vilivyoidhinishwa Marekani tangu 1998, ambavyo mzazi wa Mbagala huvitafuta na asivikute, au avikute kwa bei ya kummalizia mshahara.

Wakati huohuo mbu naye amepungua. Kuanzia mwaka 2004 mpango wa jiji uliwatuma vijana wa mitaa Kinondoni, Ilala na Temeke kuandika kila dimbwi, na mwaka 2006 wakaanza kunyunyiza dawa ya viluwiluwi Buguruni, Kurasini na Mikocheni. Malaria ya mjini leo si ile ya Koch. Kwa hiyo mwenye jeni moja hapati tena faida aliyoipata bibi yake, ingawa hapati hasara pia, na jeni isiyo na hasara kwa mbebaji wake haiondoki haraka. Itakuwepo Temeke vizazi vingi, hata kama mbu wa mwisho atauawa kesho.

Kinachobadilika upesi ni safu ya pili ya hesabu ya Musoma. Kila mtoto anayeanzishiwa penisilini baada ya kuchomwa kisigino, kila anayekunywa haidroksiyurea, anaongeza idadi ya watu wazima wenye jeni mbili, wale waliokuwa watano kati ya 654. Watu hao watasoma, watapanga vyumba, watazaa, na wakifika miaka 20 na kitu, nyonga zitaanza kuuma. Ushindi wa wodi ya watoto ni kazi mpya kwa wapasuaji wa mifupa. MOI wakipanga idadi ya vyumba vya upasuaji na akiba ya nyonga bandia kwa miaka 20 ijayo, ajali za barabarani hazitawatosha kama msingi wa makadirio. Waombe pia majibu ya karatasi za damu kutoka wodi za wazazi za hospitali za Temeke, Amana na Mwananyamala.